Mwanaume Anayecheka Ukutani

Kamanga, 9 Februari 2025

Mume wangu Nkwabi,

Ukiona mwandiko mzuri usidhani nimeingia darasani uzeeni. Anayeandika ni Dorcas, fundi cherehani wa hapa kivukoni, na nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Simu siitaki. Masikio yangu yamechoka, lazima niweke spika, na nikiweka spika kivuko kizima kinajua mume wangu ameniambia nini.

Hujambo? Mimi sijambo, mguu tu. Salamu zimeisha.

Sasa nijibu. Antoni muuza samaki alikuona Buhongwa umebeba ndoo mbili za maji, jasho linakutiririka, na nyuma yako anatembea bibi mmoja mikono mitupu kama malkia. Antoni akakusalimia. Ukamwambia, "Ngoja kwanza nimfikishe mke wangu." Mke wangu! Antoni alicheka mpaka akanisimulia mara mbili.

Nkwabi, mimi ndiye bibi yako. Nimemzaa baba yako Elias, nimekulea wewe tangu mama yako alipoolewa tena Geita, nimekuita mume wangu kabla hujaota meno, kama kila bibi anavyomwita mjukuu wake wa kiume. Jina hilo huligawi huko mjini kama pipi. Huyo mwanamke ni nani? Ana meno? Anakupikia nini, ugali wa unga wa kununua?

Tangu tumzike baba yako huu ni mwaka wa tano, na hujalala hapa hata siku moja. Unakuja asubuhi, unakaa nje kwenye kigoda, unarudi na kivuko cha jioni. Kumbe una mji mwingine.

Nakutumia michembe, viazi vyangu vikavu, na karanga. Ule peke yako. Nikisikia amezionja nitajua.

Mkeo wa kwanza na wa mwisho,
Mhoja

*

Buhongwa, 20 Februari 2025

Mke wangu Mhoja, shikamoo.

Michembe nimekula, na mwenye nyumba wangu ameionja kidogo. Nisamehe, aliingia bila kubisha.

Anaitwa Bi Odeta. Nimepanga chumba kwake kwa sababu kiko karibu na kazi. Ni mjane, mgongo unamsumbua, ndiyo maana namchotea maji. Meno anayo machache. Ugali wake haufiki wako.

Uliniuliza zamani kazi yangu ni nini nikakujibu haraka haraka. Ni hivi. Mradi wetu unatafuta namna ya kupunguza madhara ya pombe. Viroba vya pombe kali vilipopigwa marufuku tulidhani tumepona, zikaja chupa ndogo za plastiki, na kampuni zikaanza kuwapakia watu rangi nyumba zao bure, mradi tu chupa yao ichorwe ukutani. Sisi tunapita njia wanazopita wanafunzi, tunahesabu kuta hizo, tunawauliza watoto wanakumbuka nini. Kisha tunakaa na mwenye nyumba, tunaongea naye taratibu, mara nyingine tunakunywa uji wake, na tunarudi tena baada ya wiki kadhaa. Mwezi wa saba kutakuwa na kikao cha maoni mjini juu ya sheria ndogo ya kuzuia matangazo hayo karibu na shule. Matokeo yetu yatasomwa pale.

Bi Odeta naye alipakiwa rangi hiyo, akachorewa chupa. Nyumba yake inatazama njia ya shule. Alipoona watoto wanasimama kuitazama ile chupa, alichukua brashi ya chuma na kuusugua ukuta wote, siku tatu, na mgongo ule ule. Mkuu wetu amempenda sana. Tutaweka picha yake kwenye ripoti.

Kuja, bado sijui lini. Upande wenu wa Sengerema tutavuka pia, ila tunakwenda kwenye nyumba zenye matangazo tu.

Mumeo,
Nkwabi

*

Kamanga, 2 Machi 2025

Mume wangu Nkwabi,

Barua imesomwa. Dorcas alipofika pale kwenye brashi ya chuma nilimwambia asimame kidogo ninywe maji.

Kwa hiyo anasugua. Hongera zake. Mimi nilimsugua baba yako mgongo kila siku tumbo lake lilipojaa maji kwa ajili ya pombe, mpaka akaisha mikononi mwangu kwenye chumba kile cha pembeni, na hakuna mkuu aliyekuja kunipiga picha. Lakini mimi si mtu wa wivu.

Dorcas, hilo liandike vizuri: si mtu wa wivu.

Nimeelewa kazi yako. Nyumba yenye tangazo unaingia, unakaa, unakunywa uji, na unarudi tena. Nyumba isiyo na tangazo unaipita. Vizuri. Mtu akikueleza wazi unajua la kufanya.

Mhoja

*

Kamanga, 11 Aprili 2025

Mume wangu,

Huku mvua nzuri. Nina habari njema. Nyumba yangu imepata rangi mpya, upande wote unaotazama barabara ya kivukoni. Watu wakishuka kwenye kivuko wanageuza shingo. Njoo uone. Njoo na vifaa vyako vya kazi, na upange kukaa, maana kuna mengi ya kuongea taratibu. Uji wa ulezi upo.

Usiniulize zaidi. Njoo tu.

Mkeo mwenye nyumba nzuri,
Mhoja

*

Buhongwa, 19 Aprili 2025

Mke wangu, shikamoo.

Hongera kwa rangi! Nimefurahi kwamba umepata mtu wa kukusaidia. Wiki ijayo tunavuka kuja Kamanga, nami nimeomba niwe kwenye kikundi hicho. Nisipofika atakuja mwenzangu Shruti, binti wa Mzee Ramesh wa duka la dawa mjini. Ni mpole. Ukimwona mkaribishe maji.

Nkwabi

*

Kamanga, 27 Aprili 2025

Nkwabi,

Nilipika uji tangu alfajiri. Nilivaa kitenge cha Krismasi. Nilikaa mlangoni mpaka mguu ukafa ganzi.

Akashuka binti wa Ramesh. Mtoto mzuri, ana adabu, amenisalimia kwa magoti. Nikamuuliza, na Nkwabi je? Akasema, "Bibi, Nkwabi alibaki. Bi Odeta aliamka mgongo umekaza, amempeleka hospitali."

Nikasema aha.

Sikumwambia mimi ni nani wako. Kwa nini nimwambie? Bibi wa Nkwabi alikuwa hospitali, anashikwa mkono. Mimi ni mwenye nyumba tu. Akaniuliza maswali yake nikayajibu yote, tena kwa sauti. Akataka kunipiga picha nikasimama nikatabasamu, nikatoa meno yote. Na mimi ninayo mengi kuliko mtu fulani.

Uji alikunywa yeye. Akasema mtamu.

Mpe pole huyo mgonjwa. Mwambie asipone haraka, mchukuzi wa ndoo anaye.

Mhoja

*

Buhongwa, 6 Mei 2025

Bibi, shikamoo.

Jana ofisini tulikaa wote kuangalia picha za Kamanga. Mkuu wetu alikuwepo, na wageni wawili kutoka wizarani. Shruti akafungua picha ya kwanza. Ni jemadari wa rangi nyekundu, mrefu kuliko mlango, anacheka, ameinua chupa. Chini yake imeandikwa JEMADARI, KINYWAJI CHA WANAUME. Na kando ya chupa umesimama wewe, unatabasamu.

Dirisha lililoonekana nyuma ya kiwiko cha yule mtu nalijua. Ni la chumba cha baba.

Shruti akasoma majibu yako. Unalipenda tangazo? "Nalipenda mno, naomba wanichoree na upande wa pili." Linakusaidia nini? "Linaleta wageni." Kuna mtu wa familia aliyeumia kwa pombe? "Hakuna."

Hakuna, bibi?

Mtu mmoja akacheka. Nikasema, huyo ni bibi yangu, na hiyo ni nyumba aliyofia baba yangu. 

Mkuu anasema picha na majibu yako vitolewe kwenye ripoti, na pengine na mimi nitoke kwenye mradi, kwa sababu watu wa kampuni wakijua watasimama kwenye kikao na kusema: mtafiti wao anatupinga mchana, na nyumbani kwao tumekaribishwa. Kazi yote itaonekana ya uongo.

Pole na mguu.

Nkwabi Elias

*

Kamanga, 10 Mei 2025

Nkwabi,

Dorcas alisoma barua yako mara moja akaikunja. Nikamwambia rudia. Akarudia huku analia, mjinga huyu, machozi yakadondokea gauni la harusi la watu.

Umeniita bibi. Bibi, shikamoo. Kama mtu unayempisha njiani. Maneno yote mengine ningeyameza, hilo limekwama.

Sasa nisikilize, na Dorcas asipunguze kitu. Wale vijana wa rangi walipita hapa siku nyingi, nikawafukuza na mwiko. Nilipopata barua yako ya Februari niliwafuata mwenyewe walikokuwa wanachora, na mguu huu, nikawaambia njooni mchore kwangu, tena kubwa. Nilitaka nyumba yangu ihesabiwe. Nyumba inayohesabiwa unakuja. Unakaa, unakunywa uji, unarudi. Uliniandikia wewe mwenyewe! Ningejua unakuja kwenye nyumba zenye chatu ningetafuta chatu.

Hata yule Odeta ulimpata kwa sababu ya ukuta.

Majibu yale niliyatoa kwa hasira. Niliposema hakuna, dirisha la baba yako lilikuwa hapa begani. Nilisikia kama amenigusa. Lakini nilikuwa nimeshatamka na yule binti ameshaandika, na mimi nikishakasirika sirudi nyuma, unanijua.

Nikwambie jambo jingine. Mtoto wa Dorcas, Maige, hajaanza shule. Juzi amesimama mbele ya ukuta wangu, kidole juu, akasoma: Je-ma-da-ri. Mama yake akapiga vigelegele, mtoto kajua kusoma! Mimi sikupiga. Kwa sababu hata mimi nimelijua. Nalijua likiwa kwenye fulana, kwenye mwavuli, kwenye chupa iliyotupwa mtaroni. Miaka sabini na kitu sijasoma neno, sijui jina langu likoje, barua yako siijui juu wala chini, na neno hilo limeingia lenyewe, sikufundishwa, nilikaa nalo tu mlangoni. Kama limeniingia mimi na kichwa changu hiki kigumu, litamwachaje mtoto?

Usiitoe picha. Mwambie mkuu wako Mhoja amesema asiitoe. Aandike nilichosema, na aandike kwamba nilidanganya, na kwa nini. Watu wa kampuni wakitaka kunisema, waje wanikute nimekaa.

Jumamosi ijayo nachemsha maji. Naufua ukuta huu.

Mke wako, utake usitake,
Mhoja

*

Buhongwa, 14 Mei 2025

Mke wangu Mhoja, shikamoo.

Usiufue! Barua hii nampa nahodha wa kivuko mkononi ili ikufikie leo. Ukuta tukishauhesabu hauguswi mpaka kikao kipite, maana watu wa kampuni watavuka kuja kuangalia kama tumesema kweli. Wakikuta umesafishwa watasema tulitunga. Najua ninakuomba nini. Ukae na yule mtu mlangoni kwako mpaka mwezi wa saba.

Nilimsomea mkuu barua yako yote, na chatu akiwemo. Amesema picha itabaki, majibu yatabaki, na maelezo yako yatawekwa chini yake. Mimi sitaruhusiwa kuisoma ripoti, ataisoma Shruti. Lakini wewe unaweza kusimama kikaoni ukipenda.

Na mimi nina la kukuambia. Hukunyang'anywa na mtu. Nilikuwa nakaa nje kwenye kigoda kwa sababu nikiingia ndani nasikia baba anavyohema. Kwa Bi Odeta hakuna aliyekufa ninayemjua. Nachota maji, nalala, basi. Nilidhani unalijua hilo. Ningeandika mapema ningekuokolea rangi.

Mumeo,
Nkwabi

*

Kamanga, 22 Juni 2025

Mume wangu,

Anacheka. Nikitoka kumwaga majivu anacheka, nikirudi kanisani anacheka. Nimemtundikia kanga usoni, Dorcas akanikumbusha hauguswi, nikaitoa. Wamekuja watu wawili wa kampuni na gari safi, kwa barabara ya Busisi, si kwa kivuko, wamempiga picha, wakaniuliza kama mtafiti ni damu yangu. Nikawaambia ni mume wangu. Wameondoka wanatazamana.

Chumba cha pembeni nimekifagia, nimebadilisha godoro. Sisemi kitu. Nimefagia tu.

Kikao nakuja. Na huyo mwenye brashi awepo, nimwone.

Mhoja

*

Buhongwa, 18 Julai 2025

Kwa Bi Mhoja,

Naandika kwa mkono wangu, nilisoma mpaka darasa la nne, nisamehe herufi zikilala. Naitwa Odeta. Tulikaa benchi moja jana na hukunisalimia mpaka saa nne.

Nimeshindwa kulala vizuri, na si mgongo. Narudia kichwani vile ulivyosimama. Yule bwana wa kampuni na tai yake alikuwa amewashika watu. Picha yako kaitundika kubwa, anasema, waheshimiwa, bibi huyu alitufuata mwenyewe, kapenda mwenyewe, na ni bibi wa mtafiti wao. Watu wakaguna. Nikamwangalia Nkwabi, ameinamisha kichwa mpaka magotini. Nikasema leo mtoto ameisha.

Ukainuka bila kuitwa. Ukasema, "Kweli, niliwafuata. Nilikuwa na wivu." Ukumbi ukacheka. Ukasubiri wamalize. Yule bwana akakuuliza kwa dharau, mama, unajua hata kilichoandikwa pale? Unajua kusoma? Ukamwambia, "Najua neno moja tu, baba. Umenifundisha wewe." Ukalisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, kama mtoto. Kisha ukasema nyuma ya neno hilo kuna dirisha, na ndani ya dirisha hilo alikufa Elias wangu.

Bi Mhoja, hata karani aliacha kuandika.

Sasa wamesema rasimu inakwenda kwa madiwani, kuta za njia za shule zimo ndani. Watapitisha ama hawatapitisha sijui, watu wa tai hawalali. Lakini Shruti anasema kabla hujasimama ilikuwa imeshakufa.

Nina malalamiko. Nkwabi ameondoka na wewe jana ile ile, hata chai yangu hakumaliza. Leo nimechota maji mwenyewe. Chumba chake kimya. Ni zamu yangu kukuuliza: utamrudisha lini? Na mimi nina wivu, nao hauna dawa.

Mke mwenzako,
Odeta

*

Kamanga, 21 Julai 2025

Odeta,

Barua yako imefika. Kwa hiyo unaandika mwenyewe, bila Dorcas. Ulitaka nijue. Nimejua.

Sikukusalimia kwa sababu nilikuwa nakukagua. Nilitegemea mwanamke mwenye maringo, nikakuta kikongwe amejifunga mgongo kwa kanga, amemwekea Nkwabi mhogo wa kuchoma kwenye pochi asije akashikwa njaa. Nilikasirika zaidi. Kumchukia mtu wa hivyo ni kazi.

Ukuta tumeukwangua leo asubuhi. Ulikuwa unatumiaje ile brashi, kutoka juu kwenda chini au kwa mviringo? Rangi yao ni ngumu kama roho zao. Nkwabi alipanda ngazi akaanza na meno ya yule mtu. Maige alilia, akasema rafiki yake anaumia. Nkwabi akashuka, akampa kipande cha mkaa, akamwambia achore mtu mwingine chini, anayemtaka. Amechora kitu, sijui ni mbuzi.

Pale dirishani Nkwabi alikwangua peke yake. Nilimwacha. Alipomaliza hakuja kukaa kwenye kigoda. Alinawa mikono, akapita mlangoni, akaingia chumba cha pembeni bila viatu. Nikangoja nisikie akitoka. Hakutoka. Nikaenda nikachungulia. Amelala kwenye kitanda cha baba yake, mchana kweupe, mdomo wazi, anakoroma kama yeye.

Nimekaa hapa mlangoni na Dorcas, tunaandika kwa kunong'ona asije akaamka. Kazi anaanza Alhamisi, najua, ameniambia. Mimi simwamshi. Huyu ni mume wangu na yuko nyumbani kwake.

Ukimtaka, Odeta, panda kivuko uje umchukue mwenyewe. Njoo na hiyo brashi, kona za ukuta bado. Nitakupikia.

Mhoja